Sikio la Jaji: Kisa cha Shamba la Kahawa Nyanda za Juu Kusini

Majina ya watu, kijiji, kata na namba za majalada nimeyaondoa, pamoja na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu. Mtiririko wa mashauri nimeuacha kama ulivyokuwa. Msomaji ajue tangu mwanzo kwamba siandiki nikiwa mbali: ndiye niliyemsaidia mama mjane kuandaa sababu zake za rufaa, na sehemu ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu.

Jaji mwenyewe

Alizaliwa mkoa wa Iringa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumba ya wakulima wa mahindi. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi pale mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alipopigwa risasi Isimani siku ya Krismasi ya 1971. Mkulima aliyefyatua bunduki alishtakiwa Mahakama Kuu na kuhukumiwa kunyongwa. Iringa nzima ilikuwa na la kusema juu ya kesi ile, lakini baba yake, mtu asiye na kisomo kikubwa, alikuwa akirudia jambo moja tu: kwamba hata yule aliyemuua mkuu wa mkoa aliulizwa ana nini cha kusema, akasikilizwa mpaka akamaliza. Jaji alituambia kwamba alisomea sheria kwa sababu ya sentensi hiyo.

Alisoma Mlimani, akaanza kazi kama hakimu mkazi. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Mwanza, alitoa hukumu iliyompa mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika mila za urithi, lilisema mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo lakini hawezi kuiuza. Mwalusanya aliipima mila hiyo kwa Hati ya Haki iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, akaona haisimami. Hakimu wetu, kijana wakati huo, alipata nakala iliyopigwa taipureta, akakaa nayo miaka yote. Niliiona mara moja, kingo zimekuwa za kahawia, imefungwa kwa uzi wa majalada.

Aliteuliwa jaji akiwa ameshazunguka vituo vingi mbali na kwao. Miaka yake ya mwisho kazini ndiyo iliyomleta Mahakama Kuu Mbeya, mwendo wa nusu siku kutoka alikozaliwa. Hapo ndipo mtihani wake ulipokuwa mkubwa. Jaji akiwa mgeni, watu humwogopa. Akiwa wa nyumbani, humwita mwanetu.

Habari zake zilijulikana mjini. Gari lake liliwahi kuharibika kwenye mlima wa Kitonga, wakili mmoja akasimama na kumfungulia mlango. Alimshukuru, akakataa, akasubiri basi pembeni ya barabara saa mbili na nusu. Wakili alikasirika, na mimi ni mmoja wa waliosema kwamba amezidisha. Siku hizi sisemi hivyo. Wakili yule alikuwa na mashauri matano mbele yake, na katika magari yanayopanda Kitonga huenda mmojawapo alikuwemo mdaiwa wa moja ya mashauri hayo, ametazama dirishani.

Mgogoro

Shamba lilikuwa la ekari sita, kahawa na migomba, katika wilaya mojawapo ya kahawa. Mume na mke waligawiwa ekari nne na kijiji miaka ya 1980. Ekari mbili za juu, ng'ambo ya kijito, mume alizinunua baadaye kwa jirani aliyekuwa akihama. Karatasi ya mauziano ilikuwa ukurasa wa daftari, maandishi yamefifia. Mpaka ulikuwa mstari wa minyaa, na aliyeuonyesha siku ile alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji wa wakati huo. Shauri lilipoanza alikuwa babu wa miaka 84.

Mume alifariki. Mama alichukua usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo bila pingamizi. Msimu wa pili wa mavuno, shemeji yake aliingia shambani na vibarua, akasema ardhi ile ni ya ukoo tangu kwa babu yao, na mjane hana fungu. Kwenye mila zilizoandikwa 1963 maneno ya namna hiyo yapo kweli. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Tena ardhi hii haikuwa ya ukoo. Hilo ndilo lilikuwa swali la kujibiwa, na babu wa mpaka ndiye aliyekuwa na jibu kwa upande wa juu.

Thamani ya shamba ilizidi shilingi milioni 3, kiwango cha juu cha Baraza la Kata wakati huo, kwa hiyo shauri likafunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mabaraza haya wakati huo yalikuwa chini ya wizara ya ardhi, si Mahakama. Mwenyekiti hukaa na washauri wasiopungua wawili, wale watu huwaita wazee wa baraza, ambao lazima watoe maoni yao kabla ya hukumu. Mwenyekiti halazimiki kuyafuata, ila akiyaacha aseme kwa nini.

Ushahidi ulisikilizwa vizuri, lazima niseme hivyo. Babu aliletwa kwa bajaji kutoka stendi, akashikwa mkono mpaka kitini, akaeleza mti kwa mti. Mambo yaliharibika mwishoni. Mwenyekiti alikwenda kuliona shamba siku ambayo mama hakuarifiwa. Aliyempokea, kumtembeza na kumwonyesha mipaka alikuwa shemeji peke yake. Kisha hukumu ikatoka ikisema wazee wa baraza wamekubaliana na mwenyekiti, lakini jalada zima halikuwa na karatasi ya maoni yao, wala mahali palipoandikwa kwamba yalisomwa mbele ya wadaawa, yaani pande mbili za shauri. Shemeji alipewa shamba lote, akalichukua. Mama akakata rufaa ndani ya siku 45.

Jumapili ya mchele

Rufaa ikiwa imepangiwa tarehe ya kusikilizwa, mzee mmoja wa ukoo wa shemeji alifika getini kwa jaji Jumapili jioni. Jaji hakuwepo. Mkewe alimkaribisha kama mgeni yeyote wa heshima. Mzee aliketi, akanywa chai, akasalimia kwa lugha ya kwao, akasema wamefurahi mtoto wao amerudi nyumbani. Kesi hakuitaja hata kidogo. Alipoondoka, viroba viwili vya mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi vilibaki mlangoni mwa jiko.

Jaji mwingine angevirudisha usiku ule na kunyamaza, na watu wengi wangemwita mwadilifu. Yeye aliuliza jina la mgeni, akalikumbuka kwenye orodha ya mashahidi. Hakugusa kitu. Asubuhi aliagiza vipelekwe kwa Naibu Msajili na kuorodheshwa, na taarifa ikatolewa kwa chombo kinachohusika na rushwa. Kisha, siku ya shauri, kabla ya jambo lolote, aliwaambia wadaawa wote wawili mbele ya watu: nani alikuja, saa ngapi, aliacha nini, na kwamba vitu hivyo viko masjala na anayetaka kuviona avione. Akamgeukia mama.

"Mama, umesikia. Ukiona kwamba baada ya hili huna imani na mimi, sema. Hakuna atakayekukasirikia. Nitajiondoa, jalada litakwenda kwa jaji mwingine."

Mama alisimama, ameshika mfuko wa plastiki wenye makaratasi yake. "Kama ungetaka kunificha, mheshimiwa, ungenificha. Endelea."

Shemeji naye aliulizwa swali lilelile. Wakili wake alisema hawana pingamizi, na shemeji alitazama chini muda wote.

Njia tatu

Sasa nifike kwenye uamuzi wenyewe. Kwa Kiswahili tunasema kesi imeamuliwa kwa ufundi wa kisheria, tukimaanisha kwamba haki imekwepwa. Hapa haikuwa hivyo, na haikuwa kinyume cha hivyo pia.

Jaji aliposoma jalada aliona kasoro ya wazee wa baraza, jambo ambalo mimi sikuliandika kwenye sababu za rufaa. Nilikuwa nimeandika juu ya ile safari ya upande mmoja tu. Ilikuwa muda mfupi baada ya Desemba 2018, ambapo Mahakama ya Rufani, ikiketi Mbeya, ilisema bayana kwamba maoni ya wazee lazima yatolewe kwa maandishi na kusomwa wadaawa wakiwepo, na kwamba kutosema hivyo kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu iliyoandikwa ya shauri, ni dosari inayobomoa shauri. Uamuzi ule ulitikisa mabaraza nchi nzima.

Alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuamua rufaa kwa ushahidi uliopo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, kinakataza kutengua uamuzi kwa kosa la utaratibu ambalo halikuleta upotofu wa haki, na Katiba, Ibara ya 107A(2)(e), inaziamuru mahakama zisifungwe mno na masharti ya kiufundi. Ya pili, kufuta kuanzia pale palipoharibika, yaani safari ya shambani, kisha baraza lirudie safari, lipokee maoni ya wazee na kuandika hukumu nyingine, ushahidi wa mashahidi ukibaki ulivyo. Ya tatu, kufuta kila kitu na kuanza upya.

Alichagua ya tatu. Sababu zake aliziandika, na si za mtu mvivu. Mamlaka ya Mahakama ya Rufani yalimfunga. Mwenyekiti aliyekwenda shambani na upande mmoja asingeweza kukisahau alichokiona. Mmoja wa wazee muda wake ulikuwa umekwisha. Na kubwa kuliko yote, aliona kwamba mzee wa baraza aliyewekwa pale na sheria ili raia ahukumiwe na macho zaidi ya mawili alikuwa amegeuzwa pambo.

Kabla ya kuamua aliwaita wadaawa wazungumze juu ya kasoro hiyo, kama Ibara ya 13(6)(a) inavyotaka. Wakili wa shemeji alikubali haraka sana kwamba shauri lifutwe. Mama alisema maneno ambayo kila aliyekaa mahakamani anayajua: "Mimi si mjuzi wa sheria, naiachia mahakama." Ikaandikwa, ikawa amesikilizwa.

Siku ya hukumu

Hukumu iliandikwa Kiingereza, ilivyokuwa desturi kabla ya sheria ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Alipomaliza kuisoma aliweka miwani mezani, akaanza kuieleza kwa Kiswahili, taratibu. Sijamwona jaji mwingine akifanya hivyo kwa muda mrefu kiasi kile. Aliponyamaza, mama alisimama.

"Samahani mheshimiwa. Nimeshinda au nimeshindwa?"

"Hujashinda na hujashindwa, mama. Kesi yako haikusikilizwa inavyotakiwa, kwa hiyo itasikilizwa upya, mwenyekiti mwingine na wazee wengine."

"Na mashahidi waje upya?"

"Waje upya."

"Hata babu? Yule tulimleta kwa bajaji, mheshimiwa. Sasa hivi hatoki ndani."

Jaji alikaa kimya kidogo. "Baraza litaliangalia hilo, mama." Jalada lilikuwa limeshasainiwa.

Kilichofuata

Shauri jipya lilichelewa kupangiwa mwenyekiti. Babu alifariki miezi kumi baada ya hukumu. Shemeji aliendelea kuvuna, kwa kuwa hukumu ya Mahakama Kuu ilifuta uamuzi uliompa shamba lakini haikusema nani akae shambani wakati wa kusubiri. Misimu mitatu ya kahawa ilikwenda hivyo. Mikahawa ya juu haikupogolewa wala kutiwa dawa, na mingi ilikauka.

Shauri lilipofika mwisho, safari ya shambani ilifanywa sawasawa: wadaawa wote, wazee wote, maelezo yakaandikwa na kusomwa barazani. Maoni ya wazee yalisomwa hadharani, na wote walikuwa upande wa mama. Alipewa ekari nne za chini na nyumba. Ekari mbili za ng'ambo ya kijito alizikosa. Karatasi ya daftari peke yake haikutosha, na maneno ya babu yalikuwa kwenye mwenendo uliofutwa. Tuliomba yapokelewe kama maelezo ya shahidi aliyefariki, jambo ambalo Sheria ya Ushahidi ina mlango wake. Baraza lilikataa, likisema kilichobatilishwa hakipo. Mama hakutaka kukata rufaa tena. Alisema amechoka, na nilimwelewa.

Nini kilifanya kazi

Mchele, kwanza. Watu hufundisha maadili ya jaji kama kukataa rushwa. Kisa hiki kinaonyesha kwamba kukataa hakutoshi, kwa sababu mtu anayekataa kimyakimya bado amekutana na upande mmoja, na upande wa pili haujui. Jaji alilitoa jambo lile gizani na kulifanya mali ya wadaawa wote. Ukitazama vizuri, mwenyekiti aliyetembezwa shambani na shemeji na jaji aliyeletewa mchele walikuwa mahali pamoja: upande mmoja umeshika sikio. Mmoja aliandika hukumu, mwingine aliita wadaawa. Hata leo mama anaposimulia kesi yake, na amepoteza ekari mbili, huanza na siku ya viroba. Anaamini kwamba hakuuzwa.

Maelezo kwa Kiswahili pia yalifanya kazi. Bila hayo asingeuliza habari za babu, na mimi nisingejua pa kuanzia kuandika haya.

Nini kilishindikana

Jaji aliyelinda sikio lake dhidi ya upande mmoja alilifungua kwa pande zote mbili, lakini alilifungua kwa swali lisilojibika na mtu wa kawaida. Kumuuliza mjane asiye na wakili aseme lolote juu ya athari ya kukosekana kwa maoni ya washauri ni kumsikiliza kwa jina tu. Kama siku ile angemuuliza, "Mama, shauri likianza upya, mashahidi wako wapo? Wana hali gani?", jibu lililokuja baada ya saini lingekuja kabla yake. Nalo lingebadilisha mizani baina ya njia ya pili na ya tatu.

Naamini njia ya pili iliwezekana. Dosari zote mbili zilikuwa baada ya mashahidi kufunga. Kuhusu mzee aliyemaliza muda wake, sheria inaruhusu shauri kuendelea na mshauri aliyebaki. Mwenyekiti angebadilishwa. Wapo mawakili ninaowaheshimu wanaosema Desemba 2018 haikuacha nafasi hiyo, na kwamba jaji wa Mahakama Kuu hana ruhusa ya kuchagua sehemu ya kutii. Hoja yao ina uzito. Lakini hata kwa njia ya tatu alikuwa na kifungu cha 43 cha Sura ya 216, kinachoipa Mahakama Kuu mamlaka ya kuyasimamia mabaraza. Angeweza kuamuru shauri lianze ndani ya muda maalumu, shahidi mzee asikilizwe kwanza, hata nyumbani kwake, na shamba libaki bila kuguswa au mavuno yawekwe mahali salama. Mistari minne mwishoni mwa hukumu.

Nami nilishindwa. Nilijua babu hatoki ndani. Sikumwandaa mama kulisema hilo barazani wala mahakamani, kwa kuwa nilikuwa nimeshughulishwa na sababu za rufaa na kuona umri wa shahidi si hoja ya kisheria. Anayewasaidia watu wa vijijini na mashauri ya ardhi ajue kwamba mipaka mingi ya mashamba Tanzania imeandikwa vichwani mwa wazee.

Baada ya kustaafu

Majaji wa Mahakama Kuu hustaafu wakiwa na miaka 60. Alirudi Iringa, analima parachichi, na huitwa kufundisha mahakimu wapya. Nilikutana naye kwenye mafunzo ya namna hiyo, nikamweleza shauri lilivyoishia. Hakujitetea. Aliuliza jambo moja: "Babu alifariki lini?" Nilipomwambia, alitoa kalamu, akaandika mwezi na mwaka pembeni ya karatasi zake.

Mchana alibadilisha zoezi. Aligawa majalada ya mfano, kila moja na dosari ya utaratibu. Hakimu mmoja kijana alishafungua mdomo kutaja uamuzi wa 2018. Jaji alimwinulia mkono kumzuia. "Kwanza fungueni orodha ya mashahidi. Kila mmoja asome umri wao, kwa sauti."

Chumba kikawa kimya, kisha dada aliyekaa mbele akaanza. "Shahidi wa kwanza, arobaini na tatu. Wa pili, sitini." Akageuza ukurasa. "Wa tatu, themanini na moja."

"Anaishi umbali gani na baraza?" jaji akauliza.